Sentimita Kumi na Saba na Nusu

4 Februari 1986

Mwanangu Pini,

Salamu zangu ni zile zile na hali yangu ni ile ile: magoti yanalalamika, mdomo unafanya kazi. Sare za shule zimejaa hapa ndani mpaka mlangoni, nashona kuanzia asubuhi na bado walimu wananiambia nachelewa. Baba yako hajambo. Bado yuko upande wa pili wa ukuta, anakohoa asubuhi nami najua mdogo wangu ameamka. Lori ameliacha tangu mwaka jana kwa ajili ya macho, na sasa hajui mikono aiweke wapi. Tangu uliposhindwa kuja kumzika mama yako, miaka sita sasa, hajataja jina lako, na sitakudanganya kwamba ameanza. Barua hii naiandika bila kumwambia, kama zote.

Haya, sikiliza kilichonifanya nishike kalamu. Shule imeniletea ramani ya dunia, ile ya kitambaa inayotundikwa ukutani. Ilichanika katikati, kutoka juu hadi chini, nikaishona. Nilipomaliza nikaitandaza juu ya meza ya kukatia, nikakutafuta huko uliko, nikapitisha futi yangu. Pembeni wameandika kwamba sentimita moja ni kilomita mia tano. Nimepata sentimita kumi na moja. Kwa hiyo kati yangu na wewe kuna kilomita elfu tano na mia tano. Ni kweli? Na ndege inakwenda saa ngapi?

Kazi yako ni kuwapangia marubani njia, nawe miaka yote hii hujanitajia hata kilomita moja. Nijibu kwa hesabu. Usiniandikie "ni mbali", hilo ulishatuandikia.

Shangazi yako

1 Machi 1986

Shangazi yangu, shikamoo.

Barua yako imefika siku ya ishirini na mbili, ikiwa na uzi mwekundu ndani ya bahasha. Sijui kama ni zawadi au ni uzembe, lakini nimeuweka. Mimi ni mzima. Nimehamia chumba kingine, ghorofa ya tatu, chenye meza na dirisha linalokataa kufungika. Mwenzangu wa chumba ni muuguzi, anaimba akipiga pasi, na hajui kuimba.

Shangazi, umenipunguzia safari! Ndege ya kuja huko kwetu inaondoka hapa kila Jumanne na kila Ijumaa, na ya Jumanne huwa naipanga mimi. Naletewa karatasi ya upepo na bwana mmoja wa hali ya hewa tunayemwita Mzee Mawingu, nachukua rula na penseli, nachora njia, kisha nahesabu mafuta. Ni kilomita elfu saba, Shangazi. Zimepungua elfu moja na mia tano. Umezipeleka wapi?

Kuja huko, ndege inatumia saa nane na dakika ishirini. Kurudi huku inatumia saa tisa na dakika tano. Ndege ni ile ile, njia ni ile ile. Nadhani utapenda kuumiza kichwa na hilo, kwa hiyo sikuambii kwa nini.

Na Baba? Usinipe habari za kikohozi tu. Huwa anaulizia chochote?

Mwanao,
Pini

24 Machi 1986

Pini,

Nimecheka mpaka nimejichoma sindano. Zile kilomita zako nimezipata, zilikuwa ndani ya mshono! Kingo za ramani zilikuwa zimechanika vibaya, nikakunja sentimita mbili na nusu kila upande ili mshono ukae imara, kama ninavyofanya kwenye kiuno cha suruali. Hivyo nimekunja bahari na nusu ya jangwa, nikapiga cherehani juu yake, nikaridhika na kazi yangu. Mwalimu wa jiografia alikuwa ameshaitundika darasani siku kumi na mbili na hakuona kitu. Nimeirudisha, nimeifumua, nimeweka kiraka kwa nyuma.

Sasa nimepima upya. Sentimita kumi na sita. Hizo ni kilomita elfu nane! Juzi nilikupunguzia, leo nakuongezea. Nani mwongo kati yako na hii ramani? Nami sikunji tena kitu, kila mshono nimeukagua kwa miwani.

Kuhusu ile ya kwenda na kurudi, nadhani wakati wa kurudi ndege imechoka. Usinicheke, sina jibu jingine.

Baba yako alikuja kuazima mkasi, akaikuta ramani mezani. Akasimama. Akauliza mimi napima nini. Nikamwambia napima kazi ya watu. Akazidi kusimama, kisha akaniuliza mkasi uko wapi, na mkasi alikuwa ameushika mkononi.

Shangazi

19 Aprili 1986

Shangazi, shikamoo tena.

Nimefurahi kupata barua yako kuliko ninavyoweza kueleza. Ofisini niliisoma ile habari ya mshono kwa sauti, na Mzee Mawingu, ambaye hacheki, alitoka nje kwenda kucheka. Huku mvua imeanza, muuguzi ameacha kuimba kwa sababu amepata mafua.

Hakuna mwongo, Shangazi. Hebu fikiria umeletewa kichwa cha mtu ukishonee kofia ya kubana. Ukikitandazia kitambaa kilichonyooka hakikai, si kweli? Lazima ukunje hapa, ukate pale, au ukivute. Sasa fanya kinyume chake: chukua kofia iliyokwisha kushonwa uilaze mezani iwe tambarare. Itabidi uichane au uivute. Waliochora ramani waliivuta. Kadiri unavyokwenda kaskazini, wamevuta zaidi, na mimi niko upande uliovutwa. Ndiyo maana futi yako imenipeleka mbali kuliko nilivyo. Tafuta tufe la dunia, lile la duara, upime kwa uzi.

Na ndege haichoki. Huko juu kuna upepo unaovuma karibu mwaka mzima kutoka huku kwenda huko. Ndege ikija kwenu inasukumwa mgongoni, ikirudi inapigwa usoni. Ni dakika arobaini na tano za upepo tu.

Nisalimie Baba. Najua hutaweza. Nisalimie hivyo hivyo, hata kimoyomoyo.

Pini

12 Mei 1986

Pini mwanangu,

Sote wazima. Mwalimu ameniazima tufe kwa sharti kwamba nisilishone. Nimelizungushia futi tumboni: sentimita mia moja kamili. Mwalimu anasema kuizunguka dunia ni kilomita elfu arobaini, kwa hiyo kila sentimita yangu ni kilomita mia nne. Nikashika uzi, kidole kimoja kwetu, kidole kimoja kwako, nikauvuta mpaka ukakaza. Sentimita kumi na saba na nusu. Zidisha mwenyewe. Elfu saba! Nilipiga kelele, wateja wakadhani nimeona nyoka. Halafu uzi wenyewe haupiti nilikodhani, unapanda juu kidogo kisha unashuka. Nimekaa nao mezani siku nzima, sare hazikushonwa.

Basi nina maswali mengine. Ndege ikiwa na mzigo mzito, muda unaongezeka? Matangi yanajazwa pomoni au kwa kiasi cha safari? Ikikuta upepo mbaya njiani, ina mahali pa kuchepuka?

Na hizi siku za Jumanne na Ijumaa, mwaka 1980 zilikuwa hizo hizo? Ilikuwa inaondoka saa ngapi? Mtu asiye na tiketi akifika uwanjani asubuhi ile ile, anaweza kupata nafasi?

Nijibu yote, usiruke.

Shangazi

3 Juni 1986

Shangazi, shikamoo.

Mzigo ukiwa mzito ndege inakunywa mafuta zaidi, muda haubadiliki sana. Matangi hayajazwa pomoni, maana mafuta yenyewe ni uzito. Tunaweka ya safari, ya kuchepukia, na ya kukaa hewani nusu saa. Ndiyo, kila safari ina uwanja wa kuchepukia.

Lakini hebu tuambiane ukweli. Kofia, uzi, ndege kuchoka, huyo ni Shangazi yangu. Wewe umepanda gari maisha yako yote hujawahi kuuliza kama lina mafuta. Anayeuliza habari za mzigo, matangi na kuchepuka ni mtu aliyeendesha lori miaka ishirini na minane. Ni nani anakuandikisha?

Na kwa nini 1980?

Pini

28 Juni 1986

Pini,

Maswali ni yangu.

Nimeandika mstari huo, nimeunywea chai, na naona haya kuutuma hivyo ulivyo. Si yangu. Tangu siku ya mkasi anakuja kila nikipata barua yako. Anakaa kwenye gunia la vitambaa karibu na mlango, ananiambia, "Soma ile ya ndege." Nasoma ya ndege, na zile salamu zako nazisoma pia, kwa sauti ile ile, naye hasemi nisizisome. Ile hesabu ya uzi tuliifanya wote. Yeye ndiye aliyeshika kidole upande wako.

Alipopata elfu saba akasema, "Lori langu lingetumia siku kumi. Yeye saa nane."

Sasa ameniachia swali moja tu na amesema halina haraka. Ile telegramu yake ya msiba uliipata siku gani, na saa ngapi? Nikamwambia, "Muulize mwenyewe, mkono unao." Akasema, "Andika wewe, dada." Nilimtazama usoni nijue ana hasira au ana nini, na mimi niliyemlea nikashindwa kumsoma.

Nami sikuelewi wewe wala yeye. Ulituandikia: "Ni mbali. Sitawahi." Tulikuamini. Jibu tu, siku na saa, yaishe.

Shangazi

30 Agosti 1986

Pini,

Wiki tisa. Posta wamenichoka. Sare zimekwisha, tufe nimelirudisha, mvua hakuna. Baba yako haniulizi chochote, lakini kila mtu wa posta akipita anatoka nje kufagia, na ua wote sasa unang'aa.

Kama nimekuudhi, nitukane kwa maandishi. Usininyamazie.

Shangazi

21 Septemba 1986

Shangazi, shikamoo. Na leo, Baba, shikamoo, kwa sababu najua uko kwenye gunia.

Hukuniudhi, Shangazi. Nimeandika barua hii mara nne. Mara tatu niliijaza habari za upepo.

Telegramu niliipata Jumanne, saa moja asubuhi. Nilikuwa navaa viatu niende kazini. Wakati huo nilikuwa na miezi mitano ofisini, bado najifunza, na ratiba ya Jumanne ilikuwa hiyo hiyo. Ndege iliondoka saa nne asubuhi. Baba, unataka kujua kama mtu asiye na tiketi angepata nafasi asubuhi ile ile. Angepata. Nilipata. Saa mbili na nusu nilikuwa uwanjani, saa tatu nilikuwa na tiketi mkononi, kiti cha dirishani.

Hesabu naijua kuliko mtu yeyote. Saa nne kuondoka, saa nane na dakika ishirini hewani, ongeza saa mbili za tofauti yetu: ningetua huko saa mbili na dakika ishirini usiku. Gari la alfajiri linatumia saa tano mpaka nyumbani. Mama alizikwa Jumatano saa tisa alasiri. Ningewahi, na ningepata muda wa kunawa uso.

Walituita kupanda. Mimi nilikuwa kwenye benchi. Walituita mara ya pili, wakataja jina langu, nikamtazama yule dada wa tangazo kama mtu anayemtafuta mwingine. Sikuweza kusimama. Mama alikuwa ameniandikia mara mbili nije kumwona, mara zote nikamjibu "likizo ijayo". Na siku naondoka, Baba, uliniambia huku ninakokwenda ndiko kwetu sasa. Nikajiona nashuka kwenye gari mbele ya watu wote, Mama amelala ndani na wewe umesimama mlangoni, nami sina la kusema kwa yeyote kati yenu. Niliogopa. Ndege ikaondoka, nikaenda posta ya uwanjani nikaandika "Ni mbali. Sitawahi." Maneno matatu. Nililipia matatu tu.

Tangu siku hiyo naomba nipewe zamu ya Jumanne. Naipanga ile ndege vizuri kuliko zote, kila wiki, nayo inaondoka bila mimi. Sasa mnajua. Haikuwa mbali. Nilidanganya, na sina wa kumlaumu.

Mkiamua kutonijibu nitaelewa.

Pini

15 Oktoba 1986

Mwanangu Pini, mwenye kichwa kigumu, mtoto wa mwenye kichwa kigumu,

Leo salamu zisubiri.

Barua yako nilimsomea mchana, mlango umefungwa, cherehani kimya. Nilipofika kwenye "saa moja asubuhi" akanishika mkono. Akasema, "Rudia hapo." Nikarudia. Akasema, "Rudia tena." Mara tatu, Pini. Kisha akauliza, polepole, "Kwa hiyo angewahi?" Nikamwambia, "Mwenyewe anasema angewahi, na muda wa kunawa uso." Mdogo wangu akajifunika uso kwa kipande cha kitambaa cha sare akalia, nami sijamwona analia tangu tukiwa watoto. Nikadhani ni uchungu wa ulichofanya. Nikaanza kukutetea, mjinga mimi.

Akasema, "Dada, acha. Sikia."

Mama yako alifariki Ijumaa. Jumamosi asubuhi posta ilikuwa wazi. Baba yako alikwenda, akapanga foleni, fomu ya telegramu ameijaza, imebaki kuitoa tu. Akafika dirishani, akaikunja akaiweka mfukoni, akarudi nyumbani. Alikuwa bado amekukasirikia kwa kuondoka kwako. Sisi akatuambia ameshatuma. Aliituma Jumatatu, hasira zilipompungua na tayari amechelewa. Kwa miaka sita, Pini, aliamini kwamba ile "Sitawahi" yako aliiandika yeye. Kwamba siku mbili alizoikalia telegramu ndizo zilizokunyima kumzika mama yako. Ndiyo maana alishindwa kutaja jina lako. Mimi nilidhani ni hasira, wewe ulidhani ni hasira, kumbe mtu anaona aibu. Maswali yote yale ya ratiba hakuwa anakuhukumu. Alikuwa anajipimia mwenyewe.

Alipomaliza kulia akaanza kukukasirikia. Mchana kutwa! "Tiketi anayo! Kiti cha dirishani! Anaitwa jina, anakaa!" Amezunguka chumba changu akipiga teke gunia, anakutaja jina lako lote kamili, lile tulilokupa siku ya kuzaliwa. Nami nimekaa nikifurahi peke yangu, nikaacha hata kumnyamazisha, maana ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka sita kulisikia mdomoni mwake.

Nimemwambia hii barua ataimalizia yeye. Amekataa, amekwenda zake, amerudi baada ya siku nne akiwa na kalamu. Hapa chini ni mkono wake, macho yenyewe ndiyo hayo, usicheke mistari.

Shangazi yako

Binti yangu,

Marahaba.

Mimi sikutuma, wewe hukupanda. Mama yako angetuchapa wote wawili. Njoo unigombeze, nami nitakugombeza, kisha tutakwenda wote kumwamkia alipolala.

Usiniandikie siku ya kuja. Barua zinachukua wiki tatu na mimi siwezi tena kungoja karatasi. Ndege yako inatua Jumanne usiku, basi kila Jumanne mchana napanda gari la kwenda uwanjani, nasimama pale wanapotokea abiria, mpaka wa mwisho apite. Nimekwenda jana. Hukuwemo. Jumanne ijayo nakwenda tena.

Baba